Kitabu cha Kidijitali si Picha ya Kurasa

Wazazi wengi wamewahi kupokea kurasa za kitabu zilizopigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp. Mtoto huzikuza kwa vidole, husoma kidogo, kisha huchoka. Hicho ni kitabu kilekile cha karatasi, ila sasa kimekuwa kigumu zaidi kusoma.

Kitabu shirikishi cha kidijitali humjibu mwanafunzi. Mtoto wa chekechea akigusa picha ya ng'ombe, husikia jina lake likitamkwa. Mwanafunzi wa shule ya msingi akikosea kujumlisha nusu na robo, huonyeshwa hatua aliyoteleza, kisha hupewa swali jingine la aina hiyo.

Kinaandaliwaje?

Kazi huanza na mwalimu, wala si kompyuta. Mwalimu huchagua mada katika mtaala na kutambua mahali ambapo wanafunzi hukwama. Hapo ndipo panapowekwa sauti, video fupi au zoezi. Michoro inayochezacheza bila kufunza lolote huachwa, kwa kuwa humtoa mtoto kwenye somo.

Kisha maandishi hupangwa kwa mfumo kama EPUB, unaowezesha herufi kukuzwa na mistari kujipanga upya kulingana na upana wa kioo, hata cha simu ndogo. Sauti na video zinaweza kuwekwa ndani ya faili yenyewe, ili kitabu kikishapakuliwa kisomwe bila intaneti. Kwa shule ambako mtandao ni wa shida, hilo ni jambo la kwanza kuzingatiwa.

Mtoto asiyeona hutegemea programu inayosoma maandishi kwa sauti, na kila mchoro unahitaji maelezo yanayoweza kusomwa. Mtoto kiziwi huhitaji video ya Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitaka Serikali kukuza lugha hiyo pamoja na Breli.

Mwisho, kitabu hujaribiwa darasani. Wanafunzi wakishindwa kujua pa kubonyeza, kinachorekebishwa ni kitabu.

Nani anahusika?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari zimo mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ndiyo hukagua na kuidhinisha vitabu na vifaa vingine vya mtaala, vikiwemo vya kidijitali, na ina jukwaa lake la masomo mtandaoni, Kenya Education Cloud.

Mambo matatu kwa mzazi

Kabla ya kulipia kitabu au programu ya masomo, mzazi anashauriwa kuuliza:

• Je, imeidhinishwa na KICD?
• Je, inafanya kazi bila bando la intaneti?
• Je, inaomba jina, picha au mahali anapoishi mtoto? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa.

Kitabu cha karatasi bado kina nafasi yake, kwani hakiishiwi chaji. Cha kidijitali kinafaa kuongezwa pale kinapomsaidia mtoto kuelewa jambo ambalo ukurasa pekee haukuweza kumfunza.