Mafuta Katika Damu (3): Fenofibrati na Vidonge vya Mpakani

Fenofibrati ni dawa ya kushusha trigliseridi, mafuta ambayo mwili huyaweka kama akiba ya nguvu. Kwa mtu ambaye hajala tangu jioni, kiwango chake katika damu kinapaswa kuwa chini ya milimoli 1.7 kwa lita. Kikivuka 5.6 kongosho huanza kuwa hatarini. Kikipita 10, linaweza kuvimba ghafla na kuleta maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni. Damu ya mtu wa namna hiyo ikituama ndani ya kichupa cha maabara, maji ya juu huwa meupe kama maziwa.

Kabla ya kuandika dawa, daktari hutafuta chanzo. Busia na Malaba, miji ya mpaka wa Kenya na Uganda, hakuna uhaba wa vyanzo: kisukari kisichodhibitiwa, chipsi na soda za foleni ya matrela, ajon ya Wateso inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Lopinaviri na ritonaviri, dawa za zamani za virusi vya Ukimwi, nazo hupandisha mafuta haya. Chanzo kikishughulikiwa, wengi hawaihitaji fenofibrati kabisa. Wala isitarajiwe kuulinda moyo. Kazi hiyo ni ya statini, dawa za kushusha kolesteroli. Utafiti wa ACCORD, uliotolewa mwaka 2010, uliwapa wagonjwa wa kisukari dawa zote mbili, na kwa jumla mishtuko ya moyo haikupungua kuliko kwa waliomeza statini peke yake.

Mpaka una mtego wake: namba za pakiti. Kuna ya miligramu 145, ya 160 na kapsuli ya 200, na nguvu zake hukaribiana. Tofauti iko katika usagaji. Unga ukiwa laini zaidi, mwili huufyonza vizuri zaidi. Mtu aliyezoea ya 145 kutoka kemisti ya Malaba, akipewa ya 200 ng'ambo, huona amepewa kali na kuanza kuruka siku. Kinachobadilika hasa ni mlo: kapsuli ya 200 humezwa pamoja na chakula, la sivyo sehemu kubwa hupotea, ilhali ile ya 145 haichagui saa.

Figo na ini hupimwa kwanza. Mwenye figo dhaifu sana, ugonjwa wa ini au mawe ya nyongo hapewi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hupunguziwa dozi ya warfarini hiyo na kupimwa mgando wa damu mara kwa mara. Fenofibrati ikiambatana na statini, misuli ikiuma na mkojo ukawa na rangi ya strungi, dawa husimamishwa na mgonjwa huenda hospitali siku hiyo hiyo. Jemfibrozili, ndugu yake wa zamani, haifai kuchanganywa na statini.

Kipimo cha trigliseridi hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 8. Dozi kamili isipofaa kitu kwa miezi 2, huachwa. Dereva aliyeanzishiwa dawa Mombasa na kupimwa tena Busia huhitaji karatasi yake ya kwanza, kwa kuwa maabara nyingine huandika kwa miligramu kwa desilita, ambako 1.7 husomeka 150.