Wachezaji wakigoma, mwalimu wa ekipe afanye nini?



Mara nyingi tunasikia maneno haya: «Kazi ya mchezaji ni kucheza, mengine hayamuhusu.» Siku ekipe inapokataa kuingia uwanjani, wamoja wanasema ni uasi, wengine wanapiga makofi. Lakini ni wachache wanaomfikiri yule anayesimama katikati, mwalimu wa ekipe, ndiye antrenere. Wakubwa wa masomo ndio waliomweka, tena yeye ni kama mzazi wa wachezaji. Afanye nini? Tutaeleza kwa mambo mawili yaliyotokea kweli kwenye vyuo vikuu vya Marekani, moja mwaka 1969, lingine mwaka 2015.

Kwanza tufahamu tofauti moja. Mgomo wa wachezaji si jambo geni kwetu. Mwaka 1974, kwenye Kombe la Dunia huko Ujerumani ya Magharibi, wachezaji wa Leopards walitaka kukataa kucheza na Yugoslavia juu ya pesa zao. Mwishoni walicheza, wakafungwa 9 kwa 0. Wale walidai malipo. Lakini wachezaji wa vyuo tunaowasema hapa hawakuwa na mshahara. Walipata burse, maana yake masomo, chakula na mahali pa kulala. Na antrenere ndiye alikuwa na neno kubwa juu ya nani anabaki katika ekipe na nani anatoka. Kwa hiyo kasirani yake ya dakika moja iliweza kuharibu masomo ya kijana kwa maisha yake yote. Tukumbuke hilo tunaposoma yanayofuata.

Jambo la kwanza: Wyoming, 1969

Chuo kikuu cha Wyoming kilikuwa na ekipe kali ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono. Walikuwa wamecheza mara 4 bila kushindwa. Oktoba 18 walipaswa kucheza na Brigham Young, chuo cha kanisa la Wamormoni. Wakati ule kanisa hilo halikuruhusu watu weusi kupewa ukuhani. Lilibadilisha sheria hiyo mwaka 1978. Wachezaji weusi 14 wa Wyoming walitaka kufunga kitambaa cheusi mkononi siku ya mchezo, kama alama ya kuonyesha kwamba hawakubali jambo lile.

Siku moja mbele ya mchezo walikwenda pamoja kwa antrenere wao, Lloyd Eaton, kuzungumza naye. Walikuwa wamevaa vile vitambaa. Eaton alikuwa na sheria yake: mchezaji asiingie katika maandamano yoyote. Alipowaona tu, hakuwasikiliza. Aliwafukuza wote 14 katika ekipe. Wakubwa wa chuo walikutana usiku, wakasimama upande wake.

Kesho yake Wyoming ilishinda 40 kwa 7, na watu wengi walimshangilia Eaton. Mtu angesema alikuwa na haki. Lakini ekipe ilipoteza michezo 4 ya mwisho ya mwaka ule. Mwaka 1970 ilishinda mara 1 tu, ikapoteza mara 9, na Eaton akaacha kazi ile. Mwaka 2019, kisha miaka 50, chuo kiliomba msamaha kwa wale 14. Vijana walikuwa wamekuwa wazee, na wamoja walikuwa wamekwisha kufa.

Jambo la pili: Missouri, 2015

Kwenye chuo kikuu cha Missouri wanafunzi weusi walilalamika juu ya matukano ya rangi, wakasema mkubwa wa chuo, Tim Wolfe, hayajali. Novemba 2 mwanafunzi Jonathan Butler alianza kukataa chakula mpaka Wolfe aache kazi. Novemba 7 wachezaji weusi wa ekipe ya mpira walitangaza kwamba hawatacheza tena mpaka Wolfe aondoke. Mchezo ulikuwa karibu, na kama usingechezwa chuo kingelipa dola milioni 1.

Antrenere wao, Gary Pinkel, hakufukuza mtu. Novemba 8 alionyesha picha ya ekipe nzima, weusi na weupe pamoja na waalimu, akatangaza kwamba anasimama na wachezaji wake. Kesho yake Wolfe aliacha kazi, Butler akala, ekipe ikarudi mazoezini. Novemba 14 walicheza, tena na Brigham Young, wakashinda 20 kwa 16.

Tusidanganyane, hayakuisha vizuri kwa wote. Watu wengi walikasirika, na wanafunzi wapya wa chuo kile walipungua sana miaka iliyofuata. Desemba mbunge mmoja alileta mswada ili mchezaji anayegoma anyang'anywe burse yake. Kisha siku chache aliuondoa.

Sasa tunajifunza nini?

1. Antrenere asikilize mbele ya kukata neno. Wale wa Wyoming walikwenda kuuliza, hawakwenda kupigana. Sheria ya ekipe ina faida, lakini haizuii mtu kufungua masikio.

2. Kusikiliza si kukubali yote. Kama wachezaji wanagoma kwa uvivu wa mazoezi, ao ili kumtisha arbitre, awaambie wazi hapana. Lakini aseme sababu.

3. Asitumie burse wala nafasi katika ekipe kama fimbo. Mwenye kuchelewa mazoezini aadhibiwe kwa kuchelewa. Mwenye kusema neno la dhamiri yake asiadhibiwe kwa kusema.

4. Awalinde wote wawili, yule anayegoma na yule asiyetaka kugoma. Katika ekipe moja wako wenye mawazo mbalimbali, na asiyegoma asiitwe msaliti.

5. Awaonyeshe gharama yake bila kuwatisha, kisha apeleke neno lao kwa wakubwa. Mara nyingi wachezaji wanagoma kwa sababu mlango mwingine haukufunguka.

Wengine watasema: antrenere akifanya hivi, heshima itapotea. Sisi tunaona kinyume. Eaton alilinda sheria yake, akapoteza watu 14 kwa siku moja. Pinkel alibaki na ekipe yake yote, na ndiyo hiyo iliyoshinda wiki ile. Mchezo uliopotea mtu anaweza kuurudisha mwaka unaofuata, lakini kijana aliyefukuzwa bila kusikilizwa, wale wa Wyoming walingoja miaka 50 kusikia neno «mtusamehe».

Ndugu zetu wachezaji, nanyi waalimu wetu, tuyafikiri haya wakati bado kuna amani, kabla ya siku ya shida.