Kiwanja cha Vita na Tiketi ya Abiria

Juni 1916, majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliposhuka bonde la Pangani na kuzitwaa Korogwe na Handeni, yalikuwa na ndege zilizotokea Mbuyuni, upande wa Taveta. Zilikuwa BE2c, za mbao na kitambaa, zenye uzito wa tani moja hivi. Pori lililofyekwa na kung'olewa visiki liliwatosha marubani wake. Anayeamini kuwa kiwanja cha jeshi ni mtaji uliokwisha kulipiwa, kilichobaki ni kufungua dirisha la tiketi, alinganishe na Dash 8 Q400 ya Air Tanzania: abiria 76, na tani zipatazo 29 wakati wa kuruka. Hiyo hudai lami imara, uzio, zimamoto na waongoza ndege. Vita humwachia raia ardhi tambarare, mengine yote hugharimiwa upya.

Na hata lami ikiwapo, haitoshi. Port Reitz ya Mombasa ilijengwa na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Leo ndiyo uwanja wa kimataifa wa Moi. Ulipopanuliwa mwaka 1979, bandari ilikuwa jirani na watalii walishazijua fukwe za Diani na Nyali. Biashara ilitangulia, jengo likafuata. Huku kwetu, reli ya toroli waliyoijenga Wajerumani kutoka Mombo hadi Handeni, watu wakisukuma mabehewa kwa mikono, haikupata bahati hiyo. Ilizaliwa na haja ya jeshi, na haja hiyo ilipokwisha hapakuwa na mteja mwingine wa kuitunza.

Wapo wanaosema kiwanja chenyewe ndicho kitakachovuta wateja. Kwa wilaya za Korogwe na Handeni, sidhani. Mkonge, mahindi na machungwa ni mizigo mizito yenye bei ndogo kwa kilo. Nauli ya ndege ingeimeza faida yote. Msafiri wa Korogwe naye yuko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, na akitaka ndege, Tanga haizidi sana kilomita 100. Hoja nzito ni ya mgonjwa mahututi. Hiyo naikubali, ila ndege ndogo ya kumchukua hutua hata kwenye changarawe iliyoshindiliwa, mradi ng'ombe wameondolewa mapema. Halmashauri ipime eneo, ilikatie hati na kuzuia nyumba kwenye mkondo wa kutua. Jengo la abiria lingoje abiria.