Kwa nini mvulana wa Kinyakyusa alihama kwa baba kabla ya kuota ndevu

Kwenye vibanda umiza, filamu za mtu anayegeuka mbwa mwitu hazikosi watazamaji. Unaijua stori yake: kijana wa shule, mwezi umejaa, mikono inaota manyoya, sauti inakuwa nzito, njaa haiishi. Binti anayempenda anamwona, anapiga kelele, anakimbia.

Ukiondoa mwezi na yale meno, hayo yote yanampata kijana yeyote wa miaka 14 pale Tukuyu. Hollywood waliling'amua hilo mapema. Mwaka 1957 ilitoka I Was a Teenage Werewolf, na 1985 ikaja Teen Wolf, ya mcheza kikapu wa shule anayeota manyoya. Hofu ni ile ile: mwili unafanya mambo bila kumuuliza mwenyewe.

Mwilini kunatokea nini?

Amri inaanzia kwenye ubongo. Tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya harage, inatuma homoni hadi kwenye korodani au ovari, nazo zinaanza kazi. Wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Aliyeanza mapema zaidi ya hapo, au aliyefika mwisho wa umri huo bila dalili yoyote, aonwe na daktari. Mara nyingi si ugonjwa, lakini aonwe.

Nyayo na viganja hukua kabla ya sehemu nyingine za mwili, ndiyo maana kijana anajikwaa na kuvunja vikombe. Siyo uzembe. Nyuzi za sauti zinarefuka, sauti inakwaruza. Tezi za jasho za kwapani zinaamka. Hata usingizi unahama: homoni inayoleta usingizi inachelewa kutoka usiku, kwa hiyo ukimwamsha saa 11 alfajiri, na ile baridi ya Tukuyu, usishangae akiwa mkali kama mnyama.

Kuna jambo ambalo wavulana wengi hawamwambii mtu. Karibu nusu yao huvimba kidogo chini ya chuchu, na panauma wakiguswa. Wapo wanaodhani ni saratani, wapo wanaodhani wanageuka wanawake. Kwa kawaida uvimbe huo hupotea wenyewe ndani ya miaka miwili. Usiku mwingi wa hofu ungeokolewa na sentensi moja tu kutoka kwa mtu aliyeshapita hapo.

Rungwe walikuwa na chatu

Mbwa mwitu ni mnyama wa hofu za Ulaya. Wanyakyusa walikuwa na wao, na alikaa ndani ya tumbo la mtu. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Rungwe katika miaka ya 1930, waliandika kwamba watu waliamini abalosi, yaani wachawi, wana chatu tumboni wenye uchu wa nyama na maziwa. Cha ajabu, abamanga, waliolinda kijiji dhidi ya wachawi, nao waliaminiwa kuwa na nguvu ya aina hiyo hiyo. Mnyama ni yule yule, tofauti ni anatumikaje. Imani hiyo iliumiza watu: mtuhumiwa aliweza kufukuzwa kijijini.

Lakini chatu hakuwa habari ya kubalehe. Kubalehe kulikuwa na mpango wake, na mpango wenyewe ulianza kwa kuhama.

Mvulana akifika miaka 10 au 11 alitoka kwa baba yake, akaenda kulala na wavulana wa rika lake kwenye vibanda walivyojijengea pembeni. Hicho ndicho kilikuwa mwanzo wa kijiji chao. Wangekua humo, wangeoa humo, wangezeekea pamoja. Monica Wilson aliueleza mpango huu katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951.

Walichokitafuta Wanyakyusa wanakiita ukwangala: kukaa na wenzako, kuongea, kucheka, kula pamoja, kujifunza adabu kwa watu wasiokuogopa. Sauti ikianza kukwaruza, ilikwaruza mbele ya wengine kumi ambao zao zilikwaruza mwaka jana.

Ila zingatia hili: hawakutupwa. Walikwenda kula kwa mama zao, mara nyingi kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Na shamba la baba bado walililima.

Kuhama kulikuwa na sababu ya heshima: mtoto anayekua hapaswi kulala karibu na mambo ya wazazi wake. Baadaye akioa, mkewe hakuruhusiwa hata kumtazama baba mkwe, kwa hiyo kukaa mbalimbali kulirahisisha maisha. Wilson aliona na sababu nyingine: mzee mwenye wake vijana hakuwa na raha ya kuishi ua mmoja na mwana aliyebalehe.

Kwa binti ilikuwa tofauti. Wengi walichumbiwa kwa ng'ombe kabla hata ya kuvunja ungo, na mwanamume aliyewazidi miaka mingi. Damu ya kwanza ikija, binti alikaa ndani na wasichana wenzake, akafundwa, akaelekea kwenye ndoa. Wenzake alikuwa nao, ndiyo. Uchaguzi hakuwa nao.

Mageto ya sasa

Monica Wilson aliporudi mwaka 1955 mpango huo ulikuwa unalegea. Vijana walishazoea kwenda kutafuta fedha, kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya na mbali zaidi, na kahawa ilikuwa imeipa ardhi thamani mpya.

Leo kijana wa kijijini anaweza kuhama tena, safari hii kwa ajili ya shule. Sekondari ikiwa mbali, wanafunzi wawili watatu wanapanga chumba, geto. Wa rika moja tena, chini ya paa moja tena. Tofauti ni kwamba kwa mama hakufikiki jioni, na aliyeshapita hapo hayupo. Ipo simu, na simu inajibu chochote.

Kwa binti wa geto hatari ni kubwa zaidi. Mwanamume mwenye pikipiki na hela ya chipsi anajua mlango ulipo. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu msichana aliyeacha shule kwa mimba arudi darasani baada ya kujifungua. Kurudi huko kunahitaji mtu wa kubaki na mtoto, na mara nyingi mtu huyo ni bibi, kule kijijini binti alikotoka.