MAANA NA ASILI YA NENO "KARDIA"

Mara nyingi mwalimu huitwa zahanati awe mkalimani kati ya mgonjwa na daktari mgeni. Kazi hiyo huonekana nyepesi, kumbe neno moja tu laweza kuiharibu. Neno hilo ni moyo.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, moyo wanichafuka tangu alfajiri." Nami nikamfasiria daktari kwamba mzee aona kichefuchefu, kwa maana ndivyo Waswahili wasemavyo. Akapewa dawa ya tumbo, akaenda zake. Usiku akarudishwa amezidiwa, na kipimo kikaonyesha ya kuwa moyo wenyewe ndio uliougua. Alipona kwa shida. Tafsiri yangu ilikuwa sahihi. Lakini sikusema kwamba mzee alikuwa amekaza mkono juu ya chembe cha moyo, na jasho lilikuwa likimtoka.

Tangu siku ile nimelichunguza neno kardia, ambalo kwalo madaktari wameunda majina mengi, kama kardiolojia, yaani elimu ya moyo. Neno hili ni la Kiyunani, na maana yake ni moyo. Walakini Wayunani wa kale waliita kwa jina lilo hilo mdomo wa tumbo, pale umio unapoingia tumboni. Mwanahistoria Thucydides alilitumia alipoeleza habari za wagonjwa waliotapika katika gonjwa kuu lililoipiga Athens mwaka 430 K.K. Naye Galen, mganga mashuhuri wa karne ya pili B.K., alieleza wazi kwamba neno hili lina maana mbili. Hata leo wenye elimu ya mwili huita mdomo wa tumbo kardia, ingawa si moyo.

Wala si Wayunani peke yao. Waingereza hukiita kiungulia kwa jina ambalo maana yake ni kuungua kwa moyo. Mfaransa atakaye kutapika husema ana maumivu ya moyo. Nasi, je? Twasema moyo kuchafuka, na pale chini ya kidari, mbavu zinapokutana, twapaita chembe cha moyo, ijapokuwa palipo nyuma yake ni tumbo.

Sababu yake imo mwilini mwetu. Umio hupita nyuma ya moyo, kisha hutoboa kiwambo cha kifua na kuingia tumboni. Hivyo moyo na mdomo wa tumbo ni majirani, kiwambo tu huwatenga. Tena mishipa ya fahamu ya viungo hivi viwili huingia katika uti wa mgongo mahali palipokaribiana, hata ubongo hushindwa kutambua ni kipi kiumwacho. Ndiyo sababu maradhi ya moyo huweza kuanza kwa kichefuchefu na maumivu ya chembe cha moyo, hasa kwa wanawake, wazee na wenye kisukari. Na kiungulia kitupu huweza kumtia mtu hofu ya kufa.

Basi lugha haikukosea. Ilisema kama mwili usikiavyo. Yatupasa sisi wakalimani kuuliza zaidi. Mgonjwa atajapo moyo, na aonyeshe kwa mkono mahali paumapo. Aulizwe kama maumivu yalikuja baada ya kula au baada ya kazi nzito. Kama kifua chabanwa. Kama maumivu yaenda mkononi, shingoni au tayani. Kama atokwa na jasho au apungukiwa na pumzi. Kisha daktari aambiwe yote, na maneno yenyewe ya mgonjwa jinsi alivyoyatamka, ndipo tafsiri ifuate.

Mkalimani mwema hufasiri neno. Naye aliye mwema zaidi hufasiri na mkono uliowekwa kifuani.