Kompyuta ya michezo: Vipuri vya kuchagua na mitego ya kuepuka

VIJANA wengi wanaopenda michezo ya kompyuta huweka akiba kwa miezi mingi ili wanunue mashine yenye nguvu. Baadhi yao huondoka dukani na kasha linalong'aa taa za rangi kila upande, kisha wakifika nyumbani hugundua kuwa mchezo waliokusudia hauchezeki.

Mara nyingi tatizo si uchache wa pesa, bali ni jinsi pesa hizo zilivyogawanywa. Kadi ghali imeunganishwa na pawa saplai dhaifu, au prosesa mpya imenunuliwa pamoja na ubao mama usioikubali.

Njia mojawapo ya kuepuka hasara hiyo ni kununua kila kipuri kivyake, kisha kuiunda mashine nyumbani au kwa msaada wa fundi. Hata hivyo, anayechagua njia hii ni sharti aelewe kazi ya kila kipuri na jinsi kinavyotegemea vingine.

Skrini kwanza

Swali la kwanza si prosesa gani inunuliwe. Swali ni michezo ipi itakayochezwa, na kwenye skrini ya aina gani.

Skrini ya kawaida yenye upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2. Skrini ya 4K ina zaidi ya milioni 8, yaani mara nne. Kwa kuwa picha yote huchorwa upya kwa kila fremu, mashine inayoimudu skrini ya kwanza bila shida yaweza kulemewa kabisa na ile ya pili.

Jambo la pili ni kasi ya skrini. Ile ya hezi 60 huonyesha picha 60 kila sekunde, kiwango kinachotosha kwa michezo ya masimulizi na ya kandanda. Wanaoshindana katika michezo ya kufyatua risasi kama vile Valorant na Counter-Strike 2 hupendelea hezi 144 au zaidi, kwa sababu humwona adui mapema kidogo.

Mwenye skrini ya hezi 60 hatapata faida kubwa kwa kununua kadi inayotoa fremu 200 kwa sekunde. Fedha hizo zingemfaa zaidi kwenye skrini yenyewe.

Aidha, kila mchezo hutolewa na orodha ya mahitaji yake. Red Dead Redemption 2, kwa mfano, huhitaji nafasi ya gigabaiti 150 kwenye hifadhi. Nao mchezo wa Indiana Jones and the Great Circle, uliotolewa Desemba 2024, haufunguki kwenye kadi isiyo na vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga. Orodha hiyo inafaa kusomwa kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kadi na prosesa

Kadi ya michoro ndiyo moyo wa mashine ya michezo, na si ajabu ikimeza thuluthi moja ya bajeti au zaidi. Hiyo ndiyo huchora kila kinachoonekana kwenye skrini.

Mnunuzi hutazama mambo mawili makuu: nguvu ya chipu na ukubwa wa kumbukumbu ya kadi yenyewe. Kumbukumbu hiyo ikijaa, mchezo huanza kukwamakwama hata kama chipu ina nguvu ya kutosha. Kwa michezo mikubwa ya miaka ya hivi karibuni, gigabaiti 8 ndicho kiwango cha chini cha kufikiria.

Miongoni mwa kadi za kiwango cha kati zinazoimudu skrini ya 1080 ni Radeon RX 6600 yenye gigabaiti 8, GeForce RTX 4060 yenye gigabaiti 8, na GeForce RTX 3060 iliyotolewa pia kwa gigabaiti 12.

Prosesa nayo hukokotoa mienendo ya wahusika, migongano na sheria za mchezo, kisha huiagiza kadi la kuchora. Ikiwa dhaifu, kadi hukaa ikisubiri. Ikiwa na nguvu kupita kiasi, mnunuzi amelipia uwezo usiotumika.

Prosesa yenye viini sita, kama vile Ryzen 5 5600 ya AMD au Core i5-12400F ya Intel, hutosha kuandamana na kadi zilizotajwa. Ni kosa la kawaida kununua prosesa ya daraja la juu kabisa, kisha kukosa pesa za kadi.

Herufi za mwisho wa jina pia zina maana. Prosesa ya Intel yenye herufi F haina uwezo wa kuonyesha picha peke yake. Bila kadi ya michoro, skrini itabaki nyeusi. Kinyume chake, Ryzen 5 5600G ina michoro yake ya ndani na humfaa anayetaka kuanza na michezo myepesi huku akiweka akiba ya kununua kadi.

Ubao mama na RAM

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Kila prosesa huingia katika soketi ya aina moja tu, na ubao mama ni lazima uwe na soketi hiyo.

Prosesa za Ryzen za mfululizo wa 5000 hutumia soketi ya AM4. Soketi ya AM5, iliyoanza mwaka 2022, hupokea Ryzen za mfululizo wa 7000 na kuendelea. Kwa upande wa Intel, vizazi vya 12, 13 na 14 hutumia LGA1700, ilhali Core Ultra 200S zilizoingia sokoni mwaka 2024 hutumia LGA1851.

RAM nayo ina vizazi vyake. Bao za AM4 hutumia DDR4 na zile za AM5 hutumia DDR5 pekee. Za LGA1700 ziko za aina zote mbili, hivyo mnunuzi hana budi kusoma maandishi ya kisanduku. Kipande cha DDR5 hakiingii katika nafasi ya DDR4, hata kikilazimishwa.

Kwa mashine ya michezo, gigabaiti 16 ni kiwango cha chini kinachofaa, na 32 ni bora iwapo bajeti inaruhusu. Vipande viwili vya gigabaiti 8 hufaa kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa huvisoma vyote kwa pamoja.

Bei za RAM zilipanda kwa kasi kote duniani mwishoni mwa 2025, baada ya vituo vya data vya akili unde kuzidisha mahitaji ya chipu. Kwa hivyo, anayechagua kati ya DDR4 na DDR5 anafaa kulinganisha jumla ya gharama ya ubao, RAM na prosesa, badala ya kutazama bei ya prosesa pekee.

Tahadhari nyingine ni kuhusu bao za AM4 za zamani, mathalani B450. Baadhi yazo haziitambui Ryzen ya mfululizo wa 5000 hadi programu ya BIOS iboreshwe. Muuzaji aulizwe suala hili kabla ya malipo, si baadaye.

Hifadhi

Diski ngumu ya kuzunguka ni ya bei nafuu, lakini huchelewesha mno kufunguka kwa michezo ya sasa. SSD ya SATA husoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde, nayo NVMe ya kawaida hufikia 3,500.

Tatizo ni kwamba kuna SSD nyembamba za M.2 zinazofanana kwa umbo ilhali moja ni SATA na nyingine ni NVMe. Si kila ubao hukubali zote mbili. Kwa wingi wa michezo mikubwa, terabaiti moja ndiyo hifadhi isiyoleta majuto upesi.

Pawa saplai

Hakuna kipuri kinachodharauliwa kama pawa saplai, na hakuna kinachoweza kuharibu vingine vyote kwa mpigo mmoja kama hicho. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Hesabu yake si ngumu. Kadi ya RTX 3060 hutumia wati 170 na prosesa ya Ryzen 5 5600 imekadiriwa wati 65. Jumla ni 235. Ubao, RAM, hifadhi na feni vikiongezwa, mashine hukaribia wati 300. Kwa kuwa matumizi hupanda ghafla kwa nukta za sekunde, na saplai haifai kufanya kazi ukingoni mwa uwezo wake, ya wati 550 ndiyo inayofaa.

Hata hivyo, idadi ya wati iliyochapishwa si ushahidi wa ubora. Kuna saplai nyepesi za bei ya chini zenye maandishi makubwa kuhusu nguvu ambazo haziwezi kuitoa. Cheti cha 80 PLUS, kilichoanza mwaka 2004, huonyesha kuwa kifaa kimepimwa matumizi yake ya umeme. Hicho si hakikisho la kila kitu, ila saplai isiyo nacho ni ya kutiliwa shaka.

Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Saplai kuukuu huwa na swichi nyekundu nyuma ya kuchagua volti 115 au 230. Ikiachwa kwenye 115 kisha ichomekwe ukutani, hulipuka papo hapo. Anayeletewa vipuri na jamaa kutoka Marekani anafaa kuchunguza jambo hili kwanza.

Vilevile, umeme unapopotea na kurejea kwa kishindo, vifaa huumia. Kifaa cha kulinda volti ni kinga ya gharama ndogo, nayo UPS humpa mchezaji dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine vyema. Anayenunua UPS atazame wati, si VA pekee, kwa kuwa wati huwa chache kuliko VA zilizoandikwa.

Kasha na joto

Kasha linafaa kupitisha hewa: feni za mbele zikiingiza, ya nyuma ikitoa. Lile lililofunikwa kioo mbele bila matundu hupendeza macho lakini huzuia pumzi. Prosesa na kadi zikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi ili zisiungue, na mchezaji huona mchezo ukizorota.

Kwa wakazi wa Mombasa, Malindi au Garissa, jambo hili lina uzito zaidi kuliko kwa wakazi wa Limuru. Vichujio vya vumbi vinavyochomoka kwa urahisi ni bora kuliko taa za rangi.

Vipuri vya mitumba

Si kila mtu anaweza kumudu vipuri vipya. Wengine hununua kompyuta kuukuu za ofisini kutoka ng'ambo, ambazo ni tele katika maduka ya jijini Nairobi, kisha kuziongezea kadi.

Njia hii inawezekana, ila ina mipaka. Mashine nyingi za aina hiyo zina saplai ndogo zenye umbo la kipekee lisilobadilishwa kwa urahisi. Kadi ya GTX 1650 hutumia wati 75, kiwango kinachoweza kutolewa na nafasi ya ubao yenyewe, ingawa baadhi ya matoleo yake huhitaji waya wa ziada. Kasha likiwa jembamba, ni kadi fupi tu itakayoingia.

Zaidi ya hayo, Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Windows 11 huhitaji TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au kipya zaidi. Mashine ya kizazi cha 4 au cha 6 haimo katika orodha rasmi, hata ikiuzwa kwa bei ya kuvutia.

Kuhusu kadi zilizotumika, wachimbaji wa sarafu ya Ethereum waliacha kuzihitaji Septemba 2022 mtandao huo ulipobadili mfumo, na nyingi zikaingia sokoni. Kadi kama hiyo si lazima iwe mbovu, lakini feni zake huenda zimechoka.

Mbaya zaidi ni kadi bandia: chipu ya kale iliyoandikwa upya ili ijitambulishe kama mpya. Programu ya GPU-Z, isiyolipishwa, imekuwa ikifichua nyingi za namna hii tangu 2018. Mnunuzi aombe kadi ichomekwe, programu hiyo ifunguliwe, na mchezo uchezwe kwa angalau nusu saa mbele yake. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ametoa jibu tayari.

Kabla na baada ya kulipa

Orodha nzima iandikwe kwanza kwenye karatasi: soketi ya prosesa dhidi ya ubao, aina ya RAM, urefu wa kadi dhidi ya kasha, kimo cha kipoza, wati na waya za saplai. Kila mstari ukithibitishwa, ndipo pesa zitoke. Risiti na waranti vihifadhiwe, na vifurushi visitupwe.

Mashine ikishawaka, yapo makosa mawili madogo yanayowakatisha tamaa wengi. La kwanza ni kuchomeka waya wa skrini kwenye ubao mama badala ya kadi, hivyo kadi yote ikakaa bure. La pili ni kuacha RAM kwenye kasi ya chini bila kuwasha XMP au EXPO ndani ya BIOS. Yote mawili hurekebishwa kwa dakika chache, bila gharama yoyote.