Je, Wajua? Chumvi ya Uvinza ni Kongwe Kuliko Misafara

Wageni wanaofuata njia ya kale ya misafara hufika Kwihara, karibu na Tabora, wakaiona tembe alimokaa Livingstone hadi Agosti 1872, kisha wakaondoka wakidhani historia ya magharibi mwa Tanzania ilianza na pembe za ndovu. Sivyo. Mbele zaidi kwenye njia hiyohiyo ya kwenda Ujiji kuna Uvinza na chemchemi zake za maji ya chumvi, kando ya mto Ruchugi. Mwaka 1967 watafiti Sutton na Roberts walichimba hapo wakakuta vigae na mabaki ya uchemshaji chumvi vya karne ya 5 au 6 hivi, yaani zaidi ya miaka elfu moja kabla ya wafanyabiashara wa pwani kuweka makazi yao Unyanyembe, eneo hilo la Tabora.

Atasema mtu: Stonehenge kule Uingereza ina mawe makubwa, Uvinza mgeni ataangalia nini? Ni kweli, vigae havimvutii mpiga picha. Lakini waliosimamisha mawe yale waliyaacha zamani sana, ilhali Uvinza kazi yenyewe iliendelea. Katika karne ya 19 watu bado walikusanyika kila kiangazi kuchemsha maji, wakiwalipa watemi wa Wavinza ushuru kwa chumvi ileile. Hata Wajerumani, wasiokuwa na haraka ya kusifu maarifa ya wenyeji, walijenga kiwanda chao palepale.